Skrampi imeharibika, au ndivyo ilivyo? Kutafuta chanzo cha matatizo ya saida ya mashambani

Skrampi ni saida, yaani pombe ya matufaha, ya mashambani ya magharibi mwa Uingereza: Somerset, Devon, Herefordshire, Gloucestershire na majirani zao. Wengi wetu tunaijua saida ya chupa, Savanna na ndugu zake, angavu, yenye gesi, ladha ile ile mwaka mzima. Skrampi haiko hivyo, na anayeionja mara ya kwanza hudhani ameuziwa kitu kilichooza. Mara nyingine anakosea. Mara nyingine yuko sahihi kabisa, ila mwenye shamba anamjibu kwamba ndivyo ilivyo tangu enzi za babu.

Jibu hilo halitoshi. Kuna mambo ambayo kweli ni tabia ya kinywaji hiki, na kuna kasoro zenye majina, vyanzo na mara nyingi kinga. Haya yafuatayo yatamfaa anayekamua mwenyewe, na yatamfaa pia aliyesimama ghalani na glasi mkononi akijiuliza kama anunue dumu zima.

Kabla ya kutafuta ugonjwa

Hakuna sheria inayosema skrampi ni nini. Wakulima wengi huiita saida tu, na hilo jina lingine huandikwa zaidi kwenye vibuyu vya udongo vinavyouzwa kwa watalii. Lakini mtu wa Somerset akilitaja, kwa kawaida ana maana hii: juisi ya matufaha ya saida, iliyochachushwa na hamira iliyokuja yenyewe na matunda na shinikizo, haikuchujwa, haina gesi au ina kidogo sana, kavu bila sukari iliyobaki, na kali kuliko bia ya kawaida.

Ukali wake hauna siri. Juisi nzuri husoma kati ya 1.045 na 1.060 kwenye haidromita, kipimo cha uzito wa juisi kinachoonyesha sukari iliyomo (maji matupu ni 1.000). Sukari yote ikiliwa na hamira, unapata kilevi cha kama asilimia 6 hadi 8. Sheria ya kodi ya Uingereza nayo inaihesabu saida kuwa saida ikiwa chini ya asilimia 8.5. Ukiambiwa ghalani kwamba hii ni asilimia 12, basi iliongezwa sukari, au unapigwa soga.

Kwa hiyo yafuatayo si matatizo: ukungu ndani ya glasi, kukosa povu, mashapo chini ya dumu, na ule ukakasi unaokausha ulimi na ufizi. Ukakasi ndio roho ya kinywaji. Unatoka kwenye tanini, na matufaha ya saida yamejaa tanini kiasi kwamba mengi yao hayaliki. Kituo cha utafiti cha Long Ashton, karibu na Bristol, kilianzishwa 1903 na ndicho kilichoyagawa katika makundi manne: tamu, chungu-tamu, chungu-kali na kali. Mstari wa uchungu ni tanini asilimia 0.2, na wa ukali ni asidi asilimia 0.45. Dabinett na Yarlington Mill ni chungu-tamu. Kingston Black ni chungu-kali, na ni mojawapo ya machache ambayo watu husema yanaweza kusimama peke yake bila kuchanganywa.

Yaliyobaki ni kasoro, na karibu zote zina mizizi miwili: hewa iliyoingia, au ugwadu uliopungua. Ukiwa na kipimo cha pH (namba ikipanda, asidi imepungua), umeshafanya nusu ya kazi. Juisi iliyo chini ya 3.8 inajilinda kwa kiasi fulani. Ikipita hapo, bakteria wanakaribishwa mezani.

Haichachi kabisa

Hamira ya asili haina haraka. Kwenye ghala la Novemba juisi inaweza kukaa wiki nzima au zaidi bila dalili, kisha ikaanza. Usiikoroge, usiipashe moto. Ipeleke mahali penye nyuzi 12 hadi 15 na usubiri.

Ikiwa ulinunua juisi dukani, soma lebo kwanza. Sobeti ya potasiamu (potassium sorbate) au benzoeti ya sodiamu (sodium benzoate) zimewekwa humo hasa kuzuia hamira, na hakuna dawa utakayoongeza ikazishinda kwa uhakika. Hiyo inywe kama juisi. Sababu ya tatu ni mkono mzito kwenye salfaiti, dawa ya salfa ya kuzuia vijidudu: ukiiweka, subiri saa 24 kabla ya kutia hamira ya pakiti.

Povu linafurika na kuchafua sakafu

Siku za mwanzo hii ni afya. Wakulima wa zamani waliacha tundu la pipa wazi, povu la kahawia likatoka na uchafu wake, wakawa wanajaza juu kila siku. Hatari ni kusahau: povu likitulia, nafasi iliyobaki juu hujaa hewa. Siku linapotulia ndiyo siku ya kujaza hadi shingoni na kuweka kizibo chenye maji, kinachotoa gesi bila kuingiza hewa.

Imesimama kabla ya kukauka

Haidromita inasema 1.015 na haisogei tangu Januari. Chanzo cha kwanza ni baridi. Hamira husinzia tu, na hali ya hewa ikipata joto huamka. Cha pili ni njaa ya nitrojeni: miti mikubwa ya zamani kwenye malisho yasiyotiwa mbolea hutoa matunda yenye nitrojeni kidogo, kwa hiyo hamira hukosa chakula na kwenda pole pole. Hapa ndipo zilipotokea hadithi za pande la nyama, au panya mzima, kutupwa ndani ya pipa ili "kuipa nguvu". Ukitaka kuilisha hamira, chumvi ya amonia fosfeti inayouzwa kwa watengeneza mvinyo inafanya kazi hiyo bila maiti.

Lakini mimi nisingeilisha. Saida iliyosimama na utamu kidogo ni bahati ambayo wengine wanaitafuta kwa makusudi. Shida huanza mtu anapoitia kwenye chupa akidhani imekwisha. Gramu 4 za sukari katika lita moja huzaa takriban ujazo mmoja wa gesi (lita ya gesi kwa lita ya saida), na chupa nene ya shampeni hubeba kama ujazo sita. Saida ya 1.015 ina gramu 35 au zaidi za sukari kwa lita ikilinganishwa na ile iliyokauka. Ikiamka ndani ya kioo mwezi Mei, kioo kitapasuka, na kitapasuka mkononi mwa mtu. Hamisha kwa mpira kwenda chombo kingine, acha mashapo, funga kwa kizibo chenye maji, ngoja majira ya joto yapite.

Inanuka siki

Hii ndiyo kasoro kubwa ya skrampi. Ndiyo pia iliyowafanya watu wengi waamini kwamba saida ya shambani lazima iwe chachu hadi ikupe kiungulia.

Tofautisha kwanza. Asidi ya tufaha lenyewe, ile ya maliki, inakata ulimi lakini haina harufu. Siki unaisikia puani kabla ya kunywa, na ukimeza inaunguza nyuma ya koo. Ikiwa juu yake kuna harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, hiyo ni ethili aseteti, dada yake siki, na hutokea pamoja nayo.

Chanzo ni hewa, kila mara. Bakteria wa siki wapo kwenye kila tufaha lililopasuka na kila nzi wa matunda, lakini bila oksijeni hawawezi kugeuza kilevi kuwa siki. Sasa fikiria pipa la mwaloni la lita 245 lenye bomba chini. Kila glasi inayotoka chini, hewa ya ujazo ule ule inaingia juu. Likifunguliwa Pasaka na kunywewa taratibu, kufikia Agosti nusu ya chini imekaa chini ya hewa kwa miezi. Mashamba ya zamani yenye vibarua wengi yalimaliza pipa haraka. Mgeni anayefika Septemba na kuonjeshwa mabaki ya pipa la majira ya kuchipua anakunywa nusu siki, na anaondoka akisema ameonja mila.

Dawa hakuna. Sukari inaficha ladha kidogo, harufu inabaki. Ikiwa ni dalili ndogo tu, unaweza kuichanganya na saida safi na kuinywa mapema. Ikizidi, iache iwe siki kamili, ila itoe kwenye chumba chenye mapipa mengine. Kinga ni vyombo vilivyojaa hadi juu, kuhamishia vyombo vidogo unapoanza kunywa, au mifuko ya plastiki ndani ya boksi inayojikunja kadiri unavyomimina. Wengi magharibi ya Uingereza sasa wanauza kwa mifuko hiyo. Haina sura ya kibuyu, lakini imeokoa saida nyingi.

Salfaiti husaidia mwanzoni, na kipimo chake hufuata pH. Chini ya 3.3, miligramu 50 hadi 75 kwa lita zinatosha. Kati ya 3.3 na 3.5, miligramu 100. Kati ya 3.5 na 3.8, miligramu 150. Zaidi ya 3.8 usipoteze dawa: ongeza kwanza asidi ya maliki, au changanya na juisi ya matufaha makali kama Bramley. Kidonge kimoja cha salfaiti cha Campden kwenye lita 4.5 ni kama miligramu 50 kwa lita. Ndiyo, babu zao walifukiza mapipa kwa kiberiti cha manjano, kwa hiyo anayekwambia salfaiti si ya asili ya saida hajui historia ya ghala lake mwenyewe.

Utando mweupe juu

Vumbi au ngozi nyembamba inayopasuka ukitikisa chombo ni hamira za juu, zinazopenda hewa. Hazijaharibu kitu bado, lakini zinakwambia kwamba nafasi ya juu ni kubwa mno. Jaza saida nyingine taratibu hadi utando ufurike nje, weka salfaiti miligramu 50 kwa lita, funga. Ukipuuza, siki inafuata.

Inavutika kama mlenda

Unamimina na inashuka kama mafuta, bila sauti. Bakteria wa laktiki wametengeneza nyuzi za sukari ndefu ndani yake, kwa kawaida kwenye saida yenye ugwadu mdogo. Ladha huwa haijabadilika, na hii ni mojawapo ya kasoro chache zinazotibika: ipige kwa mwiko safi kwa nguvu hadi nyuzi zikatike, tia salfaiti miligramu 100 kwa lita, iache itulie, ihamishe. Lakini osha kila mpira na kila bomba kwa maji ya moto, la sivyo pipa la pili litafuata.

Maziwa, gesi nyingi, harufu ya ganda la ndizi

Ukiona saida tamu iliyokuwa tulivu inaanza ghafla kutoa gesi kwa fujo majira ya joto, ikageuka nyeupe kama maziwa, na harufu yake ikawa ya maganda ya ndizi mbivu, huo ni ugonjwa wa saida wenyewe. Mhusika ni bakteria anayeitwa Zymomonas. Anahitaji mambo mawili: sukari iliyobaki na pH ya juu, kama 3.7 kwenda juu.

Inachekesha kwamba bakteria huyu huyu ni mgeni wa heshima kwetu Pwani. Yumo kwenye mnazi, anasaidia kuuchachusha kwa ile kasi ambayo mgema wa asubuhi anaijua. Mnazi unanyweka siku ile ile, kwa hiyo fujo zake hazina muda wa kuwa kero. Saida inakusudiwa ikae mwaka, na huko anaacha ukali mchafu usiotoka. Salfaiti humsumbua kidogo sana. Kinga ni kuchanganya matufaha makali tangu siku ya kukamua, na kuiacha saida ikauke kabisa ili asikute chakula.

Usichanganye jambo hili na gesi ndogo ya Mei isiyo na harufu mbaya. Hiyo kwa kawaida ni bakteria wa laktiki wanaogeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, laini zaidi. Wazee wa kule husema saida huamka bustani inapochanua maua. Maua hayahusiki, ni joto tu, lakini wakati wameupatia. Ikitokea kwenye saida yenye ugwadu mwingi ni zawadi, iache.

Baada ya kumeza, panya

Unakunywa, ni nzuri, unameza, na baada ya sekunde chache ladha ya kizimba cha panya inajaa nyuma ya ulimi. Mwenzako anakunywa glasi ile ile na hasikii chochote. Nyote wawili mnasema kweli. Viini vinavyoleta ladha hiyo havina harufu kwenye saida yenye asidi. Mate yakipunguza asidi ndipo vinapofunguka, na watu wanatofautiana sana katika kuvisikia. Ukiwa na wasiwasi, sugua matone machache nyuma ya mkono, subiri kidogo, nusa. Ngozi ina asidi ndogo kuliko saida, kwa hiyo hufanya kazi ile ile ya mate.

Wanaolaumiwa ni bakteria wa laktiki na hamira ya Brettanomyces, wakisaidiwa na hewa. Haitibiki, haifichiki, na kuchanganya na saida nzuri kunaharibu zote mbili. Mwaga. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kuna wauzaji wanaoiita "tabia ya shamba". Harufu kidogo ya zizi la farasi au ya moshi naweza kuielewa, saida za chungu-tamu huwa nayo na wapo wanaoipenda. Panya, hapana.

Yai viza, na rangi nyeusi

Harufu ya yai viza wakati wa kuchacha ni hamira yenye njaa au iliyosongwa. Mara nyingi huondoka yenyewe. Ikibaki mwishoni, ihamishe mara moja kwa kuimwaga na kurusha ili gesi itoke, kisha jaza chombo hadi juu.

Saida inayogeuka nyeusi au kijani kibichi dakika chache baada ya kumiminwa imegusa chuma. Tanini na chuma hutengeneza wino, kihalisi. Tafuta msumari uliotokeza ndani ya pipa, parafujo ya shinikizo iliyochubuka rangi, ndoo yenye kutu. Kugeuka kahawia pole pole ni hewa tu, kama tufaha lililoumwa.

Ni nyepesi, haina mwili

Umefuata kila hatua na kilichotoka kinafanana na mvinyo mweupe ulioongezwa maji. Matunda ndiyo sababu. Matufaha ya kula, yawe ya duka la London au ya Lushoto, hayana tanini ya kutosha. Yatatoa saida halali, hata nzuri, kama ile ya mashariki mwa Uingereza ambayo hutengenezwa kwa matunda ya mezani na kupikia. Skrampi ya Somerset haitatoka humo. Matufaha pori madogo machungu, ukiyapata, yakiwa sehemu moja kwa kumi yanasaidia. Majani ya chai yaliyochemshwa sana ni mbinu ya watengeneza mvinyo wa nyumbani, na yanafanya kitu, ingawa si kile kile.

Angalia pia ukomavu. Kata tufaha, dondoshea iodini: likigeuka bluu nyeusi, wanga haujawa sukari bado. Yarundike wiki mbili tatu hadi kidole gumba kibonyeze ngozi. Yaliyooza tupa, kwani ukungu wa bluu huleta sumu iitwayo patulini. Yaliyochubuka tu yanafaa.

Na joto. Skrampi huchachuka majira ya baridi kwa miezi. Ukiiweka kwenye chumba cha nyuzi 30 itakwisha ndani ya wiki na harufu ya tunda itatoka yote na gesi. Dar es Salaam hiyo inahitaji friji yenye kidhibiti joto.

Tumbo linauma

Karne ya 18 Devon ilikuwa na ugonjwa wake: msokoto wa tumbo, kufunga choo, mikono kupooza, na wakati mwingine kifo. Watu walilaumu asidi ya saida. Mwaka 1767 daktari George Baker, mzaliwa wa kaunti hiyo hiyo, alionyesha kwamba saida ya Devon ilikuwa na madini ya risasi, yaliyotumika kwenye mashinikizo na vyombo, na kwamba Herefordshire, ambako hayakutumika namna hiyo, hapakuwa na ugonjwa. Wenye saida walimkasirikia sana. Risasi ikaondolewa, na msokoto ukaisha.

Somo hilo bado lina matumizi: usihifadhi saida kwenye mtungi wa kale uliopakwa ng'arisho, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Ng'arisho za zamani zilikuwa na risasi, na asidi huivuta.

Kuharisha kidogo baada ya glasi kadhaa ni jambo jingine. Matufaha yana sorbitoli, sukari isiyochachuka na inayolegeza tumbo, na skrampi isiyochujwa inakuja na hamira zake. Acha mashapo chini ya dumu.

Imeniangusha

Painti ya mililita 568 yenye asilimia 7.5 ina zaidi ya vipimo 4 vya kilevi kwa hesabu ya Uingereza, ambako ushauri wa afya ni kutozidi 14 kwa wiki nzima. Kwa kuwa haina gesi na haina utamu wa kukinai, inashuka kama maji. Ndiyo maana baadhi ya baa za kule huiuza kwa nusu painti tu.

Utaambiwa kwamba vibarua wa zamani walikunywa galoni shambani na kufyeka nyasi hadi jioni. Ni kweli walipewa saida kama sehemu ya ujira, hadi sheria ya 1887 ilipokataza kulipa kwa kilevi. Lakini mara nyingi waliyopewa ilikuwa ya mkamuo wa pili, machicha yaliyolowekwa maji na kushinikizwa tena, dhaifu kuliko bia. Ya mkamuo wa kwanza iliuzwa au ilibaki kwa mwenye shamba. Ukinywa hiyo ya kwanza, kula kwanza, agiza nusu, na mwache mwenye gari anywe chai.